Nyayo za Kuku Kwenye Viti vya Bi Tatu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi Bi Tatu aliweka foronya yangu ya kwanza juu ya kiti, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Kisha akainamisha upande wa kulia. Saa naikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa imetundikwa ukutani juu yake, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kutazama pasipokuwa usoni mwake.

"Fundi," akasema, "huu mto mbona kama unataka kuondoka?"

Ulikuwa unataka kuondoka kweli. Pembe moja ilielekea dirishani, ya pili ilielekea jikoni. Nilikuwa nimekata kitambaa cha mraba, nimekidarizi wiki nzima, na kilichokuwa juu ya kiti kilikuwa na umbo la kashata. Nikatoa foronya ya pili mfukoni. Kashata. Ya tatu na ya nne, vilevile.

Vijana mnaojifunza kudarizi hapa Kibiti mmeniomba mara nyingi niwaeleze kazi yangu niliianzaje. Sasa nimeiacha, macho hayaoni tena matundu, kwa hiyo nina muda. Lakini siwezi kuanzia mwanzo, maana mwanzo ulikuwa mbovu. Naanzia kwenye kashata.

Kazi yenyewe mnaijua. Tunachukua mapambo ya mikeka yetu ya ukindu na kuyahamishia kwenye kitambaa kigumu cha matundu, kwa sindano butu na nyuzi za kufumia sweta. Wakati huo hapa kwetu sikumjua mtu mwingine aliyeifanya. Mimi nilikuwa fundi cherehani wa kawaida, suruali na sare za shule. Siku moja kwenye mtumba wa mnadani nikakuta mto wa Ulaya uliofunikwa maua ya sufu. Nikaununua, nikakaa nao barazani, nikaufumua mshono mmoja mmoja mpaka ukabaki wavu mtupu. Mke wangu Mwajuma akaniuliza kwa nini nimenunua mto ili niuue. Nikamwambia nataka kujua ulivyoishi. Hilo ndilo darasa langu la kwanza, na hata leo nawashauri hivyo hivyo: kazi ya mtu usiyemjua ifumueni taratibu, kutoka nyuma, na kila uzi mtazame ulikotoka na ulikoingia.

Bi Tatu alikuwa na nyumba ya wageni Ikwiriri, na alikuwa anajenga ukumbi wa kulia chakula. Viti vyake alitaka vivae mkeka. Alianza na mkeka wenyewe, akaukata na kuupigilia misumari midogo. Ulipendeza kwa siku chache. Kisha ukindu ukaanza kukatika na kuchoma, na dereva mmoja wa lori la ufuta akainuka mezani, kipande cha suruali kikabaki kwenye kiti. Ndipo Bi Tatu akanitafuta. Akataka foronya kumi na mbili zenye pambo la mkeka lakini laini, na akazitaka kabla wanunuzi wa ufuta hawajaanza kujaa mjini. Malipo ya awali hakutoa. "Nikiona ndipo nitoe," alisema, na mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyefumua mto mmoja, nikakubali.

Kitambaa cha matundu na nyuzi nilivifuata Kariakoo. Fedha niliyonunulia ilikuwa na kazi nyingine. Binti yetu Rehema alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ile ilikuwa ada yake ya kuanzia. Mimi na Mwajuma tulikaa tukakubaliana: tuiazime ada, tudarizi, Bi Tatu alipe, ada irudi kabla chuo hakijafunguliwa. Ukiutamka haraka, ulikuwa mpango mzuri.

Kwa hiyo Bi Tatu alipozirudisha zile foronya nne, alikuwa amenirudishia chuo cha Rehema kikiwa kimepinda.

"Sijakataa kazi," akaniambia akiwa mlangoni. "Mimi pia napenda kwenu mambo yawe mazuri. Ila wageni wangu wakikaa juu ya hivi watadhani wamelewa, na mimi pombe siuzi. Nyoosha, fundi. Tarehe yangu unaijua."

Nyumbani Mwajuma alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Amekataa?"

"Hajakataa. Anasema mito inataka kuondoka."

"Itakutana na ada njiani."

Nikajaribu kunyoosha. Nikalowanisha, nikavuta, nikapiga pasi, nikaweka chini ya godoro tukalala juu yake. Asubuhi zilikuwa zimenyooka. Kufika adhuhuri zilikuwa kashata tena. Sababu niliijua baadaye, lakini nawapeni sasa. Mshono nilioutoa kwenye ule mto wa mtumba ni wa kulaza: sindano inatoka tundu la chini kushoto na kuingia tundu la juu kulia. Kila mshono unakivuta kitambaa kidogo upande mmoja. Mmoja hauna nguvu. Ukijaza foronya nzima, unakuwa umefunga kamba elfu zinazovuta upande uleule, na pasi haina ubavu wa kushindana nazo.

Na kupinda hakukuwa shida pekee. Pambo lenyewe lilikuwa na kasoro ambayo Bi Tatu hakuitaja, labda kwa huruma. Nilikuwa nimechagua nyayo za kuku, lile pambo la vidole vitatu vitatu vinavyofuatana, maarufu kwenye mikeka ya mama mkwe wangu, Bi Somoe wa Mtunda. Kwangu nyayo hazikutoka. Vilitoka vitu vya pembe mraba, kama funguo.

Mwajuma akaweka ungo chini. "Twende kwa mama."

Hapo lazima niwaeleze jambo, maana baadhi yenu mnaishi na wakwe zenu kama marafiki wa shule. Sisi tulilelewa kwamba mwanamume hakai mkeka mmoja na mama wa mkewe. Hamkazii macho. Salamu anatoa, na baada ya salamu neno lolote la maana linapitia kwa mke. Mimi na Bi Somoe tulikuwa tumeishi hivyo tangu ndoa, kwa amani kabisa. Mkeka aliotupa siku ya harusi ulikuwa wa nyayo za kuku, zambarau na nyekundu, na mimi kwa heshima sikuweza kuulalia. Niliutundika ukutani. Miaka yote ulikuwa pale, na nilipotaka kuhesabu pambo nilisimama mbele yake na kalamu, nikahesabu.

Tulipofika Mtunda, Bi Somoe alikuwa ndani, karibu na mlango, anasuka. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nikapewa kigoda barazani. Mwajuma akakaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shikamoo mama," nikaliambia pazia.

"Marahaba mkwe. Habari za Kibiti?"

"Njema."

Ruhusa yangu ikaishia hapo.

"Mwajuma," sauti ikasema, "mwambie mkwe anipitishie hicho kitambaa."

Mwajuma akanigeukia. "Mama anasema—"

"Nimesikia."

"Sasa kama umesikia, mimi hapa nafanya nini?"

"Mwajuma, adabu," ikasema sauti.

Foronya ikapita chini ya pazia. Kisha nikasikia kicheko kidogo, cha mtu aliyejiziba mdomo na upande wa kanga.

"Mwambie mkwe, hawa kuku wake wanapanda ngazi."

"Kuku wako wanapanda ngazi," akasema Mwajuma, na hakujiziba mdomo.

"Mwambie mama nilihesabu kwenye mkeka wake mwenyewe."

"Muulize alikuwa amekaa wapi akihesabu."

Nikaeleza kwamba nilisimama, mkeka ukiwa ukutani.

"Kautundika?"

"Tangu harusi, mama," akasema Mwajuma. "Nilikwambia mimi nalalia godoro tupu ukadhani natania."

"Mwambie mkeka wangu unalaliwa. Ukutani anautazama kama picha. Angeulalia angeuona ukindu unavyokwenda."

Nilijitetea kidogo, kupitia kwa Mwajuma, kwamba ilikuwa heshima. Jibu likarudi kwamba heshima imepokelewa, lakini mkeka ushushwe.

Basi akaanza kunifundisha. Mjue kwamba mkeka hausukwi mzima. Unasukwa ukili, utepe mwembamba mrefu sana, kisha kili zinaunganishwa kwa sindano kubwa. Bi Somoe alikuwa anasuka ukili ndani, na kadiri ulivyorefuka aliusukuma chini ya pazia ukaja kwangu barazani. Sikuiona mikono yake. Nilichopata ni ukili wenyewe, unakuja kidogo kidogo, na sauti yake nyuma.

Niliuweka magotini nikachora kwenye karatasi ya miraba. Kipande kimoja cha ukindu, mraba mmoja. Kinachofuata, mraba wa juu yake. Nikapitisha karatasi chini ya pazia. Ikarudi.

"Mwambie bado wanapanda. Ukindu haukanyagi kichwa cha mwenzake. Unaingia katikati ya wawili."

"Ukindu haukanyagi kichwa," akasema Mwajuma kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na kiziwi.

Nikachora tena. Ikarudi tena. Mara ya tatu Mwajuma alipopokea karatasi alisema yeye hakuolewa ili awe posta, na anakwenda kutazama maharage. Akaondoka kweli. Tukabaki wawili, mimi na pazia, bila njia ya kuzungumza. Kuku halisi akapita barazani, akaacha nyayo zake kwenye vumbi pale mbele yangu, safi kabisa, bila ngazi hata moja.

Mwajuma aliporudi tulibishana kwa kunong'ona, kisha sauti ikasema, "Mwambie anipe sindano yake, na uzi, na kipande cha kitambaa kisicho na kitu."

Vikapita. Tukangoja. Kilichorudi chini ya pazia kilikuwa kipande cha upana wa kiganja chenye safu chache tu.

Bi Somoe hakuwahi kushika kitambaa cha matundu kabla ya siku ile, kwa hiyo hakujua mshono unatakiwa ulale. Aliusimamisha. Sindano ilipanda wima, ikaruka nyuzi mbili za kitambaa, ikaingia. Safu ya pili hakuianzisha usawa na ya kwanza. Aliisogeza juu kwa uzi mmoja, kila mshono ukaingia kati ya mishono miwili ya jirani, kwa sababu mikono yake haijui kuweka kitu pengine. Ng'ambo ya njia jirani alikuwa anajenga, na ukuta wake haujapigwa lipu. Nikatazama ukuta, nikatazama kipande. Tofali. Kila moja limekaa juu ya kiungo cha mawili. Na kwenye kile kipande, kwa zambarau, kulikuwa na vidole vitatu vya kuku.

Nikakilaza juu ya sakafu ya baraza. Kikatulia. Nikakivuta, nikakiachia, kikarudi mraba. Mshono wa wima hauvuti upande wowote. Dawa moja ilikuwa imetibu magonjwa mawili.

"Mwambie mama..." nikaanza, nikakwama.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kuku wameshuka."

Sasa yashikeni haya, maana ndiyo mtakayoyatumia. Mchoro wa mkeka msiuchore kwenye miraba iliyopangana. Chukueni karatasi ya miraba, kila mshono uchukue miraba miwili kwa urefu, na kila safu ipishane na jirani yake kwa mraba mmoja. Anzeni katikati ya kitambaa kuelekea nje, mkianzia pembeni mtamaliza na nusu kuku. Uzi usizidi dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mrefu zaidi unachakaa kwa kupita matunduni. Na pale kili mbili zinapoungana, mkeka una mstari mdogo ambapo pambo linaruka. Wengine wanaufuta wakidhani ni kosa. Mimi niliuacha, safu moja ya rangi ya ukindu mtupu. Bila huo mstari kazi inaonekana kama zulia la kiwandani.

Rangi nayo ilinipa aibu yake. Kwenye foronya zile nne nilitumia kahawia, maana mkeka wetu wakati huo ulionekana wa kahawia. Bi Somoe alipoiona alituma ujumbe kwamba rangi ya udongo yeye hajaipika maishani mwake. Ilikuwa zambarau iliyopigwa na jua. Tangu hapo, mkeka mkuukuu nikipewa, nafunua maungio ya kili kwa ncha ya sindano. Ndani ya mkunjo jua halijafika, na rangi ya siku ya kwanza ipo.

Rehema, kwa kutaka kutusaidia, aliupiga mkeka picha na kuuingiza kwenye programu ya simu inayogeuza picha kuwa miraba ya kudarizi. Ikatoa mchoro mzuri sana wenye rangi sitini na nne, kikiwemo kivuli cha Rehema mwenyewe akipiga picha. Bibi yake alitumia rangi mbili na ukindu mtupu. Sizikatai simu. Siku hizi nyinyi mna programu zinazokubali safu zipishane, nimeziona, na laiti ningekuwa nazo. Ila programu haiujui mkeka mpaka uiambie ukindu unavyokwenda, na hilo mtu hulijua kwa kuulalia.

Foronya nne tulizifumua usiku na mchana, mimi na Mwajuma. Uzi wenye mikunjo tuliufunga mafungu, tukauosha kwa maji ya vuguvugu, tukautundika na jiwe dogo chini ya kila fungu mpaka ukanyooka. Kitambaa kilikuwa kimelegea, hakina tena ugumu wake. Mwajuma ndiye aliyepika wanga wa muhogo, mwepesi kama uji wa mgonjwa, tukakichovya, tukakipigilia kwenye ubao kwa misumari, pembe zote nne zikipimwa, tukakianika. Kilipokauka kililia kama karatasi ngumu. Hakuna kilichotupwa.

Mchana nilikata na kushona sare ili tule, jioni nilidarizi. Mwajuma alijifunza mshono wa wima kunizidi, na akawa anaanza foronya yangu kwa upande wa pili ili tukutane katikati, maana kanuni ya kuanzia katikati tulikuwa bado hatujaijua. Mara mbili tulikutana tukiwa tumepishana kwa uzi mmoja, na mara zote mbili tulibishana nani aliyehesabu vibaya. Sitawaambia alikuwa nani.

Bi Tatu alizipokea kumi na mbili siku moja kabla ya tarehe yake. Aliziweka kwenye viti, moja moja. Akainamisha kichwa kushoto, kulia. Akakaa. Akainuka, akajishika nyuma ya gauni kuona kama kuna kilichonasa. Akakaa kiti cha pili. Akavikalia vyote, mpaka cha mwisho, na mimi nimesimama na kofia mkononi.

"Fundi," akasema akiwa kwenye kile cha mwisho, "huyu kuku anakwenda wapi?"

"Popote utakapogeuza kiti, Bi Tatu."

Akacheka, akaenda ndani kuchukua pochi.

Uzi ulibaki wa kutosha foronya moja zaidi. Tuliidarizi kwa utulivu, tukaijaza sufi, tukaipeleka Mtunda siku moja kabla Rehema hajasafiri kwenda chuoni. Nikakaa kwenye kigoda kilekile. Mwajuma akasukuma mto chini ya pazia, ukakwama kwa unene, ikabidi pazia linyanyuliwe kidogo. Nikatazama pembeni.

Nilisikia kidole kinapita juu ya safu, kinarudi, kinapita tena.

"Mwajuma, mwambie mkwe pambo limekaa sawa."

"Pambo limekaa sawa," akasema Mwajuma, ambaye safari hii hakulalamika.

"Na Rehema ada yake imelipwa?"

Mimi na Mwajuma tukatazamana. Habari ya kuazima ada hatukuwa tumemweleza mama. Sehemu kubwa ya fedha ile ilitokana na mikeka aliyouza, akimwekea mjukuu wake tangu darasa la saba.

"Imelipwa, mama," akasema Mwajuma. "Juzi."

"Alhamdulillahi. Maana siku ile mlipokuja na wale kuku wa ngazini mlibishana hapo barazani, huyu anasema ada imekwenda na maji, yule anasema itarudi. Nyinyi mnadhani hili pazia ni la zege?"

Mwajuma akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikaichunguza sakafu.

"Nilisikia yote. Sikusema kitu, nikaomba sindano." Mto ukasogezwa, nikasikia anaukalia. Kisha, bila kumtaja Mwajuma, bila kumpitisha mtu, sauti ikaja moja kwa moja nilipokuwa. "Mkwe."

Nikamtazama mke wangu. Akainua mabega, akanionyesha pazia kwa kidevu.

"Naam, mama."

"Mlizoazima zilikuwa shilingi ngapi?"

Tangu nimwoe binti yake, baada ya salamu, lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza mwenyewe, nami nikalijibu mwenyewe.

"Laki tatu na elfu sitini, mama."